Mama Aliyechagua Mgongo wa Kigae

Mmeanza tena. Nikipita tu pale dukani mnaposubiria kazi, shikamoo yenyewe haijanifikia vizuri, tayari mmoja wenu kashauliza: "Babu, jikoni tumshauri mteja aweke vigae ukutani au aache?" Halafu mnataka jibu la neno moja, nilitupe pale niende zangu kununua mboga. Sina. Mafundi wenye jibu la neno moja ndio wale ambao mimi nilikuwa naitwa kwenda kuzibomoa kazi zao.

Leo nina nafasi, na uji nimeshakunywa, kwa hiyo kaeni. Mimi Babu Deusi nimebandika vigae, au malumalu kama wengi wenu mnavyoita, katika mji huu wa Songea mpaka magoti yakakataa. Sasa nimepumzika, na msinionee huruma. Asubuhi nikisikia mashine ya kukatia vigae inalia kwa jirani, navuta blanketi nageukia upande wa pili. Mnadhani naikumbuka kazi? Namshukuru Mungu kwamba anayekula vumbi si mimi.

Nitawaambia habari za jiko langu la mwisho. Liko Mshangano, ni dogo, watu wawili mkiingia mnapishana kwa ubavu, na halijawahi kutokea jiko lililonitia hofu kama lile. Leo naweza kulicheka kwa sababu liliisha salama. Wakati ule sikucheka.

Alinipigia simu kijana anaitwa Gaudensi, anafanya kazi Dar. Kijana namwita mimi, lakini ni baba wa watoto. Mama yake ni mjane, anaishi peke yake kule Mshangano kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe, na macho yake yameondoka pole pole kwa presha ya macho mpaka sasa anachoona ni mwanga wa dirisha tu. Watoto wake, kwa upendo kabisa, walikuwa wamebomoa jiko lake la zamani la nje, lile la kuni, wakamjengea jiko la ndani: kaunta ya zege, sinki, jiko la gesi, ukuta umepigwa lipu laini na rangi nyeupe. Mwezi haukupita mama akaungua. Alikuwa anatafuta chumvi kwa kupapasa ukuta, akakosa pa kushika, mkono ukaingia kwenye sufuria ya uji.

"Kwa hiyo fundi," Gaudensi akaniambia, "mama anahamia kwangu Dar. Nyumba tunapangisha. Mpangaji wa siku hizi anaanza kukagua jiko, kwa hiyo niwekee vigae ukuta mzima kuanzia kaunta kwenda juu, ving'ae. Ukimaliza tu nakuja kumchukua. Rangi achague yeye mwenyewe, asije akaona tumemnyima kila kitu."

Achague rangi. Mtu asiyeona. Nikakubali, kwa sababu kazi ni kazi, na mimi nilikuwa natafuta moja nzuri ya kuagia.

Nilifika kwake asubuhi, nikamkuta kibarazani anachambua maharage kwa vidole, haraka kuliko mimi mwenye macho.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama."

"Milele, amina. Wewe ndiye fundi wa kunifukuza?"

Nikadhani ni utani. "Mimi ni fundi wa vigae, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ni yule yule."

Kabla sijaendelea, niwaeleze kwa nini mimi huwa nampelekea mwenye jiko kigae mkononi hata kama mwenye hela keshachagua. Sikuzaliwa na busara hiyo. Nilifundishwa na chupa.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa korosho, mtu wa Tunduru, alijenga hapa mjini. Akanunua maboksi ya vigae vya jikoni vyenye picha za matunda. Nikafungua boksi la juu, nikaona zabibu na machungwa, nikaridhika, nikachanganya gundi. Kumbe maboksi ya chini yana picha nyingine, na mimi nikibandika macho yangu yako kwenye pima maji, picha siitazami. Jioni mama yake mzazi akaja kukagua. Akasimama mlangoni.

"Astaghfirullah. Fundi, hizi chupa za nini?"

Nikageuka. Kweli, kando ya zabibu kulikuwa na chupa nyeusi ndefu na glasi yake, zimejipanga kutoka sinki mpaka dirishani, nimezinyoosha vizuri kabisa.

"Ni chupa za siki, Mama," nikasema.

Yule bibi akanitazama. "Na siki huko kwenu hunywewa kwenye glasi yenye mguu?"

Nilibandua kimoja kimoja mpaka vidole vikatoka damu, na yule bibi akaniletea chai, akakaa kwenye kigoda ananitazama, anatikisa kichwa. Tangu siku hiyo sichanganyi gundi kabla sijafungua kila boksi, na kabla mwenye kupika hajashika kigae kwa mkono wake. Mwenye kupika, nimesema. Mwenye kulipa atakuja kukiona sikukuu kwa sikukuu.

Basi Mama Gaudensi nikampelekea sampuli. Cha kwanza kilikuwa cheupe, king'avu, kile ambacho nusu ya mji huu wanacho. Akakipitisha kiganja.

"Kinateleza. Kama sahani ya hospitali. Kesho ulete kingine."

Kesho yake nikaleta chenye maua. Akapapasa, akapapasa tena.

"Hiki kina nini?"

"Maua, Mama."

"Siyasikii."

"Yamechorwa chini ya kioo."

"Basi hayo ni maua yako wewe. Kesho ulete kingine."

Nikaleta cha mfano wa jiwe, akasema kina vumbi tayari. Nikaleta vidogo vidogo vya mraba, akasema vinamkumbusha meno ya mtu fulani hakumtaja. Kila siku ananipa chai na magimbi, tunaongea, halafu narudi nyumbani na vigae vyangu kwenye mfuko. Mimi nina hasira za karibu, mnanijua. Siku moja nikashindwa kujizuia.

"Mama, unanizungusha."

"Nakuzungusha wapi, na mimi ndiye kipofu?"

Nikacheka, lakini nilipokuwa nasimama kuondoka nikaliona begi. Begi jipya la safari, kubwa, la magurudumu, lebo ya dukani bado inaning'inia. Gaudensi alikuwa amelituma kwa basi ili mama aanze kupanga vitu. Mama alikuwa amelilaza kwenye jua, juu yake ametandaza mbegu za maboga zikauke. Hapo ndipo nikaelewa. Siku atakayochagua kigae ndiyo siku atakayofunga lile begi. Alikuwa anajua hivyo tangu nilipopiga hodi, na mimi fundi mzima nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya nauli ya bodaboda. Niliona aibu, nikarudi nikakaa.

Nikamuuliza kwa upole, "Mama, hutaki kwenda Dar?"

"Kwa mwanangu nataka kwenda. Kutembea. Nikae wiki mbili, nishike wajukuu, nirudi. Lakini kuhamia, niwe mtu wa kuletewa sahani, nikae kwenye kochi nisubiri mtu arudi kazini aniambie choo kiko wapi." Akaacha kuchambua maharage. "Ninaogopa, baba. Hapa mimi ni mtu. Kule nitakuwa mzigo unaopendwa."

Nikamkabidhi sampuli ya siku hiyo, basi tu, kwa kuwa nilikuwa nimeishika. Akaipokea, akaigeuza, akaanza kupitisha vidole upande wa nyuma. Nyie mnaujua ule upande, haujapakwa kioo, una mistari mistari ya kushikia gundi. Akapita nao mara ya kwanza, ya pili, uso ukamchangamka.

"Hiki. Hiki ndicho nataka."

"Mama, huo ni mgongo wa kigae. Huo unakaa ndani, hauonwi na mtu."

"Uso wake haunielezi kitu. Mgongo una njia. Ukinibandikia hivi, mkono wangu unajua unaelekea wapi."

Nikaanza kumweleza kifundi: ukigeuza kigae, ule uso wa kioo hauishiki gundi, na mgongo ukikaa nje utakunywa mafuta ya kukaangia mpaka utoe harufu. Akanikatiza, akasimama, akanishika kiwiko. "Njoo nikuonyeshe."

Akanipeleka nyuma ya nyumba, yeye ndiye ananiongoza mimi. Lile jiko la zamani walikuwa hawajamaliza kulibomoa. Ukuta mmoja wa udongo ulikuwa umebaki, unafika kifuani, mvua imeanza kuula. Akachukua mkono wangu akauweka ukutani, akaniambia nifumbe macho.

Ninyi wengi mmezaliwa kwenye saruji, kwa hiyo nieleze. Mama zetu walikuwa wanasiriba majiko yao kila mwaka, kabla ya Krismasi au Pasaka. Udongo laini unakandwa, unapakwa ukutani kwa mkono, na ukiwa bado mbichi mwanamke anapitisha vidole anachora mistari yake. Sisi wanaume tulidhani ni pambo. Jiko lenyewe halina dirisha, limejaa moshi, saa sita mchana mtu anaingia humo macho yanachuruzika. Mle ndani hakuna aliyekuwa anaona. Mama Gaudensi alikuwa amechora mifereji mitatu ya kutoka mlangoni kwenda kwenye mtungi wa maji. Kwingine alama za konzi, vishimo vishimo, maana yake moto uko karibu. Kwingine mstari mmoja unaopinda pinda. Kila mwaka alisiriba upya na kila mwaka alichora vile vile. Macho yalipoanza kufifia hakushtuka sana, kwa sababu jikoni kwake alikuwa anapika kwa mkono tangu alipoolewa. Kilichomfanya awe kipofu ni ule ukuta mweupe wa watoto wake, wenyewe laini pote, kila mahali panafanana.

Nilisimama pale nimefumba macho na vidole vyangu vimefika mwisho wa mifereji, na nikaligusa kopo la maji ambalo bado alikuwa analiweka palepale. Nywele zilinisimama.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Saidi, Myao, Mungu amrehemu. Huyo alikuwa hakubali ukuta kwa kuutazama. Alikuwa anaugonga kwa kifundo cha kidole anainamisha sikio. "Jicho linapenda kudanganywa, Deusi," alikuwa ananiambia. "Gonga." Nilimdharau mara moja tu. Kule Madaba nilikuta nyumba ya matofali ya kuchoma, imejengwa kwa udongo halafu ikapigwa lipu ya saruji juu, kama nyumba zetu nyingi. Kwa macho ukuta ulikuwa umenyooka, safi. Sikugonga. Nikabandika vigae jikoni, vikapendeza, nikapigiwa makofi. Baadaye vikashuka, na havikushuka kimoja kimoja. Lipu nzima iliachia udongo, ukuta ukavua nguo kwa mara moja, vigae vyote vikatua kwenye sufuria ya maharage. Mzee Saidi alipopata habari aliuliza jambo moja tu, kama maharage yalikuwa yameiva. Kwa hiyo mkiona nyumba ya udongo yenye lipu, gongeni, na ikiita kama debe tupu, bandueni lipu yote kwanza au mwambieni mteja apake rangi ya mafuta tu, inafutika vizuri, mwende nyumbani mkalale.

Nilimkumbuka yule mzee pale kwa Mama Gaudensi. Mkono ulikuwa unaniambia kitu ambacho jicho langu halikukiona siku zote zile za magimbi.

"Mama," nikasema, "nikikupigia lipu mbichi kule ndani, utachora?"

"Na Gaudensi?"

"Gaudensi niachie mimi." Niliropoka tu. Usiku nilijiuliza nani kanituma.

Kazi yenyewe tuliifanya hivi, na hapa sikilizeni, maana ndipo penye ujuzi wa kuwapatia kula. Ule ukuta laini niliukwangua rangi nikautoboa toboa kwa nyundo, kwa sababu lipu mpya juu ya rangi haishiki. Mchanga nikachekecha mara mbili. Saruji sikuzidisha, ukizidisha lipu inapasuka nyufa, na ufa kwa mama yule ungekuwa njia ya uongo. Nikapiga kipande kidogo kidogo, mkanda wa upana wa mikono miwili juu ya kaunta, kisha yeye anachora kabla hakijaanza kukaza. Saruji inakula mikono, kwa hiyo nilimtafutia glovu nyembamba za saluni. Alilalamika kwamba anachora kama amevaa soksi, lakini alizivaa. Upande wa kushoto wa mlango akachora mifereji mitatu mpaka kwenye sinki. Baada ya sinki akaweka alama za konzi. Nyuma ya jiko la gesi nikabandika vigae, vile vile vyeupe vya hospitali, kwa sababu pale mafuta yanaruka na lipu ingeoza. Nilivianzisha mapema, kabla mkono haujafika kwenye moto. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema: "Basi nikikuta panateleza, nijue nimefika kwenye moto." Ule utelezi alioukataa ukawa ndio mlinzi wake.

Upande wa kulia wa mlango akachora ule mstari mmoja unaopinda pinda, mpaka kwenye kona. Pale akaniomba nitoe tofali nimwachie shubaka ukutani.

"La nini, Mama?"

"La vitu vyangu."

Sikuuliza zaidi. Nilimwagilia maji ukuta ukaze vizuri, ulipokauka nikapaka varnishi nyepesi isiyo na rangi ili mafuta yasinywewe, nikiangalia isijaze mifereji. Halafu nikaupiga picha nikamtumia Gaudensi, kwa sababu mteja hashtukizwi.

Simu ikaita papo hapo.

"Fundi, hii ni nini? Nimekuambia vigae, wewe umenisiribia nyumba?"

"Ni saruji, si udongo. Na vigae vipo, nyuma ya jiko."

"Mpangaji gani atakubali ukuta umekwaruzwa namna hii?"

"Mpangaji yupi? Mama yako bado yumo ndani."

Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya hasira. "Fundi, wewe una mama? Mimi niliona ule mkono wake. Ngozi imevimba yote. Simu ya kutoka Songea ikiita moyo unanidunda kabla sijapokea. Siku akiungua tena, wewe utakuja kuniambia nini?"

Hapo alinibana. Niwaambie ukweli, nilianza kuogopa kama yeye. Ningemwekea vigae nikaondoka, angekuwa salama kwa mwanawe. Kama angebaki akaungua, mimi ndiye niliyembakisha. Tukakubaliana aje mwenyewe aone. Mama atapika mbele yake. Akimwona anapapasa juu ya moto hata mara moja, mimi nabandika vigae ukuta mzima, na mama anapanda basi. Alikuwa ameshakata tiketi mbili za kurudi, siti zinazofuatana.

Alifika, tukaketi, tukasalimiana. Ni mtu mwema, sitaki mmfikirie vibaya, amefanana na mama yake paji la uso. Mama akafunga kanga kiunoni akaingia jikoni kupika ugali na dagaa wa Nyasa. Gaudensi akaingia nyuma yake akaegemea sinki amekunja mikono. Mimi nikabaki mlangoni, jasho linanitoka na hakuna joto.

"Gaudensi, toka hapo," mama akasema. "Umesimama kwenye njia yangu."

Akasogea upande wa pili, kulia kwa mlango. Mama akaweka vidole kwenye mifereji mitatu, akatembea nayo, akajaza sufuria maji. Akaendelea, akakuta alama za konzi, mwendo ukapungua. Kiganja kikagusa kigae, kikasimama palepale. Kisha ule mkono ukashuka chini ukashika swichi ya gesi, wa pili ukawasha kiberiti cha gesi. Moto ukashika. Mkono ukarudi ukutani. Hakuna aliyepumua ila yeye, na yeye alikuwa anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani. Akachota chumvi. Akakaanga dagaa. Akasonga ugali mpaka ukaiva, ukaachia sufuria.

Nikamtazama Gaudensi nione anasema nini. Alikuwa hatazami moto tena. Alikuwa ameegemea ukuta, na mkono wake, nadhani bila yeye kujua, ulikuwa umeukuta ule mstari unaopinda pinda. Kidole kikaufuata kidogo. Kikasimama. Kikaufuata tena. Halafu nikamwona mtu mzima, baba wa watoto, anafumba macho na anatembea na ukuta hatua fupi fupi mpaka kwenye kona, anaingiza mkono kwenye shubaka. Ukatoka na karanga za kukaanga.

"Usizimalize," mama akasema. Alikuwa ametupa mgongo, anapakua.

Gaudensi akafumbua macho. "Mama. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua nini?"

"Kwamba nilikuwa naingia kule kwenye moshi naiba karanga."

"We Gaudensi. Ulidhani lile kopo la karanga lilikuwa linajijaza lenyewe?"

Yule bwana akakaa chini palepale sakafuni na karanga mkononi, akacheka, kisha kicheko kikageuka, akawa analia, hajifichi. Mama akamfuata kwa kuisikia sauti yake, akamshika kichwa. Ule mkono wenye kovu ndio uliomshika.

"Mama, basi," akasema.

"Basi nini?"

"Basi kaa. Utakuja kutembea ukitaka. Kaa kwako."

Mimi nilitoka nje, nikaushika ukuta wa nyumba, nikavuta pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ya ile simu. Sijawahi kufurahi hivyo kwa ukuta niliopunguziwa kazi. Halafu nikaitwa kula, na ule ugali, wanangu, niliula mpaka nikaona haya.

Kwa hiyo mkiniuliza tena kuhusu vigae vya jikoni, mimi nitawauliza nani anapika humo, na mmeshamwekea kigae mkononi, na mmegonga ukuta. Mkishanijibu hayo, la kwangu mtakuwa hamlihitaji, na mimi nitapata kwenda kununua mboga.

Lile begi halikukaa bure. Mama alipangusa mbegu za maboga akalijaza mwenyewe: unga wa mahindi, maharage, magimbi, na karanga za wajukuu kwenye kopo. Alfajiri nikamsindikiza Gaudensi stendi, maana lilikuwa zito na mikono yake ilikuwa imejaa mambo mengine aliyofungiwa. Akakataa lisiwekwe chini kwenye buti, akaliketisha kwenye siti ya pembeni yake, akalifunga mkanda. Konda akapita anakagua tiketi, akaona mbili.

"Na huyu abiria mwingine yuko wapi?"

"Yuko jikoni kwake," Gaudensi akasema.